Kutazama Chanzo: Jeffrey Zeldman na Waliojifundisha Kusanifu Tovuti

Usanifu wa tovuti ulipoanza katika miaka ya 1990 haukuwa na chuo wala mtaala, na kwa hiyo waasisi wake walilazimika kujifundisha wenyewe. Hata hivyo ukosefu wa chuo hauelezi kwa nini waliweza, kwani fani nyingi changa hukosa chuo na bado zikabaki mikononi mwa wachache wanaozijua siri zake. Jibu limo katika namna wavuti wenyewe ulivyoundwa, na mfano unaolidhihirisha vizuri ni wa Mmarekani Jeffrey Zeldman, aliyekuwa mwandishi wa matangazo ya biashara kabla ya kushiriki, mwaka 1995, kutengeneza tovuti ya filamu ya Batman Forever, na mwaka huohuo akafungua tovuti yake binafsi ambamo alianza kuwafundisha wengine yale aliyokuwa ametoka kujifunza.

Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, alitaka kurasa ziandikwe kwa HTML, yaani lugha ya alama ambamo maneno ya kawaida huzungushiwa lebo fupi zinazokiarifu kivinjari, ambacho ni programu ya kufungulia kurasa, kwamba hapa pana kichwa cha habari, hapa pana aya na hapa pana kiungo. Mwezi Aprili 1993 CERN ikaruhusu teknolojia hiyo itumiwe na yeyote bila malipo. Jambo kubwa zaidi kwa mtu asiye na mwalimu lilikuwa kwamba ukurasa humfikia msomaji ukiwa na lebo zake zote katika maandishi yanayosomeka, na vivinjari vya awali vilikuwa na amri ya kutazama chanzo hicho. Aliyevutiwa na ukurasa fulani aliweza kukifungua chanzo chake, akakinakili katika programu sahili ya kuandikia, akabadilisha rangi moja au upana wa picha, akahifadhi faili na kuufungua ukurasa upya, na katika sekunde chache akaona badiliko lake limezaa nini.

Vivinjari, zaidi ya hayo, vilisamehe makosa. Katika lugha nyingi za programu, alama moja iliyosahaulika huizuia programu nzima kufanya kazi, ilhali kivinjari kilichokuta lebo isiyofungwa kilikisia nia ya mwandishi na kuendelea kuonyesha ukurasa, jambo lililomwezesha anayeanza kupata kitu cha kuonekana tangu siku ya kwanza. Lakini msamaha huohuo, na hili halisemwi vya kutosha, ulimfundisha vibaya.

Ushahidi wake ni matumizi ya jedwali. Lebo za jedwali zilikusudiwa kupanga takwimu katika safu na mistari, lakini kwa kuwa HTML haikuwa na njia nzuri ya kugawa ukurasa katika sehemu, na kivinjari hakikulalamikia lebo iliyotumiwa kinyume na makusudi yake, wasanifu waliugeuza ukurasa mzima kuwa jedwali lisilo na mipaka inayoonekana, wakaweka menyu katika chumba cha kushoto, habari katika chumba cha kati, na mara nyingi jedwali jingine ndani ya chumba hicho. Palipohitajika nafasi tupu waliweka picha isiyoonekana yenye pikseli moja tu, yaani nukta moja ya kioo, kisha wakaiamuru inyooke hadi pikseli 20 au 200 ili iyasukume maneno kando. Ujanja huo ulienea kwa njia ileile ya kutazama chanzo na kunakili, nao ulizalisha kurasa nzito, ngumu kurekebishwa, na zenye kumtatiza asiyeona anayetumia programu ya kumsomea ukurasa kwa sauti.

Zeldman, ambaye mwenyewe alikuwa amejenga kwa majedwali, alistahili heshima hasa kwa kukubali kuanza upya. CSS, lugha inayotenga mwonekano wa ukurasa na maudhui yake, ilipendekezwa na Håkon Wium Lie mwaka 1994 na kuidhinishwa mwaka 1996, ila vivinjari viliitekeleza kwa namna zinazopingana, na ndiyo sababu mwaka 1998 Zeldman alishiriki kuanzisha Web Standards Project ili kuwashinikiza watengenezaji wa vivinjari wafuate viwango vilivyokubaliwa. Februari 2001 jarida lake, A List Apart, liliacha majedwali na kupangwa kwa CSS, likakubali kuonekana bila mapambo katika vivinjari vya zamani, uamuzi mzito kwa chombo kinachotegemea wasomaji.

Miaka miwili baadaye Mkanada Dave Shea alifungua CSS Zen Garden, ambapo kila msanifu alipewa faili lilelile la HTML asiloruhusiwa kuligusa, akaleta faili lake la CSS pamoja na picha zake, na aliyetaka kujua mwonekano mmoja ulivyogeuka kuwa mwingine aliyapakua mafaili hayo na kuyasoma mstari kwa mstari.