Jenerali Asiye na Boksi

Mwaka 2018, filamu ya Black Panther ilipoingia kwenye majumba ya sinema, kampuni ya Hasbro ya Marekani ilitoa seti ya midoli ya wahusika wake katika mfululizo wa Marvel Legends, kila mmoja na urefu wa sentimita kama 15. T'Challa alipewa boksi lake. Killmonger alipewa lake. Nakia, aliyeigizwa na Lupita Nyong'o, naye alipewa lake. Jenerali Okoye hakupewa. Mwili wake uligawanywa vipande, na vipande vikatiwa kwenye maboksi ya wenzake. Aliyemtaka mzima ilimbidi anunue na kina Namor na Black Bolt, ambao hata hawamo kwenye filamu hiyo, kisha aketi chini amuunge.

Wakusanyaji wa midoli hawaushangai mtindo huu, kwa sababu ni wa miaka mingi. Mimi unanishughulisha, kwa sababu naona ndiko hasa inakopaswa kuanzia hukumu juu ya mdoli huyu. Okoye ninayemzungumzia yuko kwenye kabati la sebuleni kwetu Daudi, Mbulu. Binamu yangu alirudi naye kutoka masomoni ng'ambo. Nimemgeuza, nimemkunja, nimempa mkuki na kumnyang'anya. Swali langu ni dogo: je, ni kazi nzuri?

Kwanza jina. Hasbro walipotoa G.I. Joe mwaka 1964 waliogopa kwamba hakuna baba atakayemnunulia mwanawe wa kiume mdoli, basi wakatunga jina jingine lenye harufu ya vita na vitendo. Tangu hapo biashara nzima, pamoja na midoli midogo ya Star Wars iliyoanza kuuzwa na Kenner mwaka 1978, inajitambulisha kwa jina hilo. Kiswahili hakikuona haja ya kujificha. Mtoto wa kichanga wa plastiki ni mdoli, askari wa anga za juu ni mdoli, na Okoye na mkuki wake ni mdoli. Jina letu linatukumbusha kwamba kitu hiki kilitengenezwa ili kichezewe. Kipimo chake kitoke hapo.

Tuliokulia Daudi tuna kipimo hicho tayari. Watoto hufinyanga ng'ombe kwa udongo na kuwaanika juani, na ukaguzi wao hauna huruma. Swali la kwanza ni kama anasimama kwa miguu minne baada ya kukauka. Asiyesimama ni tope tu, hata awe na pembe nzuri namna gani. La pili ni kama nundu yake na shingo yake vinakuonyesha ng'ombe wa aina gani, au ni mnyama yeyote tu. La tatu ni kama anavumilia kuchungwa kutwa nzima bila kupasuka. Sijaona mhakiki wa midoli ya bei mbaya mwenye maswali bora kuliko haya matatu.

Okoye anasimama. Hilo si jambo dogo, kwani mdoli mwembamba mwenye silaha ndefu mkononi hutaka kuanguka upande wa silaha. Nyayo zake ni bapa na vifundo vya miguu vinainama pembeni, kwa hiyo unaweza kuitanua miguu yake na bado soli zote mbili zikagusa kabati. Kwenye minada ya Mbulu na Hanang utapata midoli ya plastiki ya bei ndogo ambayo miguu yake imeganda pamoja na mshono wa kalibu unaonekana toka unyayo hadi sikio. Ukishaishika hiyo, unaelewa kifundo kizuri kinamaanisha nini.

Kwenye viwiko nina ugomvi. Kwa miaka mingi midoli ya kike ya mfululizo huu ilipewa kiwiko chenye pini moja, wakati ile ya kiume ikipewa pini mbili. Sababu inayotajwa ni kwamba mkono mwembamba hauna nafasi ya pini mbili bila kuharibu umbo. Matokeo yake ni kwamba mkono wa mwanamke unakunjika kufikia pembe mraba na kukwama hapo. Sasa fikiria salamu ya Wakanda, mikono miwili iliyopishana kifuani. Fikiria pia mkuki unaoshikwa kwa mikono miwili. Jenerali wa jeshi anahitaji kiwiko kuliko mtu yeyote kwenye seti ile, lakini kati ya urembo wa mkono na kazi ya mkono, walichagua urembo. Kwa mdoli wa maonyesho hilo ni kasoro ndogo. Kwa mdoli wa kuchezewa ni kubwa.

Uso ni mtihani mwingine. Plastiki ya rangi nyeusi au kahawia iliyokolea humeza vivuli. Usipoongeza rangi ya pili kwenye mikunjo ya midomo, pua na kope, sura nzima inakuwa kama kokwa lililopakwa mafuta. Anayechonga sura yenye ngozi nyeusi lazima ajue taa inaipigaje ngozi hiyo. Okoye, kichwa chake kikiwa kimenyolewa na michoro ikiwa imepakwa juu yake, hana nywele za kumsaidia kujificha. Kila kitu kinategemea mfupa wa shavu na macho. Kwangu anafaulu. Ukimweka dirishani asubuhi, unamjua kuwa ni Danai Gurira kabla hujauona mkuki.

Shanga ndizo zinazonisumbua zaidi. Mavazi ya filamu yalibuniwa na Ruth E. Carter, aliyepata tuzo ya Oscar kwa kazi hiyo mwaka 2019, naye ameeleza mara nyingi kwamba walinzi wa Dora Milaje walivalishwa kwa kuwatazama watu halisi: wekundu na shanga za Wamaasai, pete za shingoni za Wandebele. Wamaasai ni majirani zetu. Sisi Wairaqw nasi tuna shanga zetu. Zamani wasichana waliowekwa ndani kwa mafunzo ya utu uzima walitarizi sketi za ngozi kwa shanga, na baadhi ya sketi hizo leo zimo kwenye makumbusho ya ng'ambo, nyuma ya vioo.

Kwa hiyo nikimtazama Okoye kifuani, natazama kwa jicho lililoona shanga. Shanga hushonwa moja moja, na kila safu inaijua iliyotangulia. Aliyeshona akikosea hesabu, mchoro unapinda na kila mtu anaona. Kwenye mdoli, shanga ni vinundu vya kalibu vilivyopitishiwa rangi. Sidai sindano na uzi kwenye kifua chenye upana wa vidole viwili. Nadai hesabu. Mchongaji anaweza kuchonga mchoro unaofuata mpangilio, hata kwa vinundu, kama alivyofuata mfupa wa shavu. Uso ulipewa heshima ya kufanana na mtu mmoja anayejulikana. Shanga zilipewa kazi ya kufanana na Afrika kwa jumla.

Nikirudi kwenye boksi, nakuta jambo ambalo sidhani waliomtengeneza walilikusudia. Soko la wakusanyaji linapenda boksi lisilofunguliwa. Mdoli ambaye hajaguswa ana bei kuliko aliyeguswa, hata kama viungo vyake havijawahi kuthibitishwa na mtu yeyote. Hapo hukumu ya ubora inakufa, kwa sababu kinachopimwa ni gundi ya karatasi. Okoye haingii kwenye hesabu hiyo. Ili awepo, lazima kila boksi lifunguliwe na mkono wa mtu ubane bega kwenye kiwiliwili mpaka lilie. Walimnyima boksi kwa ajili ya biashara, nao wakamfanya awe wa pekee katika seti nzima ambaye hawezi kuhifadhiwa bila kuguswa.

Basi hii ndiyo hukumu yangu. Miguu inafaulu, uso unafaulu sana, kiwiko kinafeli, shanga zinafeli kwa uvivu ambao ungeweza kuepukika. Kama ni wa kuuza, kuna walio bora kuliko yeye. Kama ni wa kuwapa watoto wanaojua ng'ombe gani anasimama, mpeni. Bega la kulia hutoka likivutwa. Watalirudisha wenyewe.