Bwana Msa na Inspekta Seif: Nani Anaujua Mji?

Nilipopeleka pendekezo la tasnifu juu ya riwaya za Muhammed Said Abdulla, karatasi ilirudi na swali moja limeandikwa pembeni: je, hukupata kitabu kizito? Sikukasirika sana. Ndivyo tulivyozoea. Riwaya ya upelelezi tumeitia katika kapu la "riwaya pendwa", yaani kitabu cha kusomea kwenye basi, ukifika unashuka na kukisahau. Ajabu ni kwamba vitabu vya Abdulla vimewahi kutumika shuleni. Basi uzito huo unapimwa kwa mizani gani? Makala haya yanajaribu kujibu kwa kutazama jambo moja tu: uhusiano wa mpelelezi asiye na cheo na polisi wa mji mdogo.

Abdulla (1918–1991) alizaliwa Makunduchi, Unguja. Alikuwa bwana afya kabla ya kuingia katika uhariri wa magazeti. Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la uandishi la mwaka 1957–58 lililoendeshwa na East African Literature Bureau, ukachapwa mwaka 1960. Humo ndimo tulimokutana na Bwana Msa, mtu wa kiko na utulivu, pamoja na rafiki yake Najum. Mara moja mhakiki anakumbuka Sherlock Holmes na Dokta Watson wa Arthur Conan Doyle, anasema "ameiga", kisha anafunga daftari. Kuiga kupo, sikatai. Lakini hapo ndipo mjadala ulipotakiwa kuanza.

Hebu tujiulize: Holmes anafanya kazi wapi? London, jiji la watu wasiojuana. Mgeni akiingia chumbani, tope la kiatu chake ndilo linalosema katoka wapi. Unguja nani anahitaji tope? Mtu akipita barazani, wazee wanajua ni mtoto wa nani, mama yake katoka kijiji gani, na babu yake alidaiwa na nani. Kwa hiyo tatizo la Inspekta Seif, polisi wa riwaya hizi, halimaliziki kwa kupata kidokezo. Mji umejaa vidokezo. Taabu ni kumpata mtu wa kumwambia.

Jambo hili nalijua si kwa vitabu peke yake. Nilipokuwa mdogo, duka la mzee mmoja mtaani kwetu lilivunjwa usiku. Polisi wakaja, wakaandika, wakamchukua mlinzi. Akakaa ndani siku nyingi. Mtaa mzima ulimjua mwizi, hata sisi watoto tulimjua, na hakuna aliyefungua mdomo. Si kwamba tulimwogopa. Alikuwa mtoto wa mtu, na mama yake ndiye aliyewazalisha nusu ya kina mama wa pale. Mlinzi alikuwa mtu wa kuja. Basi.

Niliposoma Abdulla baadaye nilishtuka, maana niliona yeye ameanzia palepale tuliponyamaza sisi. Tazama hata majina ya vitabu vyake: Duniani Kuna Watu (1973), Mke Mmoja Waume Watatu (1975), Mwana wa Yungi Hulewa (1976). Watu, mke, waume, mwana. Hayo ni majina ya mambo ya ukoo, na ndani yake uhalifu hufungamana na ndoa, urithi na nasaba. Polisi kwa kazi yake huuliza: nani alikuwa wapi, saa ngapi? Bwana Msa huuliza: nani ni nani kwa nani? Swali la pili huwezi kuliuliza ukiwa umevaa sare. Tukumbuke vilevile kwamba mwaka 1960 Zanzibar ilikuwa bado chini ya himaya ya Uingereza. Hata inspekta akiwa mwenyeji, ofisi yake ilikuwa ya wengine. Ilihitajika mtu wa barazani, anayepewa kahawa kwanza ndipo apewe habari.

Aidha, mji mdogo una pazia jingine. Maiti ikionekana kwenye mzimu, watu watasema mzimu umechukua chake. Katika Kisima cha Giningi (1968) jina lenyewe linatupeleka Giningi, makao ya wachawi katika simulizi za Wazanzibari. Seif hawezi kumtia pingu jini! Mwuaji anajua hivyo, naye anajificha nyuma ya imani ya wenzake. Bwana Msa akilivuta pazia hilo, anamfichua mtu mmoja na wakati huohuo anauondolea mji udhuru wa kunyamaza. Hiyo ndiyo dhamira ninayoiona mimi, na si nyepesi.

Tukilinganisha na waliofuata, tofauti inaonekana. Inspekta Wingo wa Faraji Katalambulla katika Simu ya Kifo (1965) ni askari wa jiji. Huko hata kifo hupigiwa simu. Willy Gamba wa Elvis Musiba ni mtu wa serikali, na adui yake anatoka nje ya mipaka. Joram Kiango wa Ben Mtobwa, kama Msa, hana mwajiri, naye ana polisi wake, Inspekta Kombora. Lakini Joram anaishinda Dar es Salaam kwa ngumi, bastola na mbio. Taharuki ipo, tena tele. Ila jiji halimwambii siri, analipokonya.

Simsifu Abdulla bila kasoro. Mara nyingine Bwana Msa huongea kama mwalimu mbele ya darasa la wajinga, na wajinga hao aghalabu ni watu wa chini, wale wanaoamini mizimu. Yeye mwenyewe huketi na wenye nafasi. Mtu wa kuja, kama yule mlinzi wetu, angepata nafasi gani katika riwaya hizi? Nadhani angekuwa mshukiwa wa kwanza, kisha aachiwe huru bila kuulizwa alihisi nini. Hapa ndipo ningependa mhakiki achokonoe, badala ya kutuambia tu kwamba kiko kimetoka Baker Street.

Kwa hiyo namjibu aliyeniandikia pembeni. Kitabu kizito ninacho. Kinauliza kwa nini watu wema, wanaojua ukweli, humwacha asiye na ndugu alale ndani. Yule mlinzi alipotoka hakurudi mtaani kwetu, na wala hatukumtafuta. Pendekezo langu nitalipeleka tena muhula ujao, bila kubadili jina la kitabu.