Lahaja na Fikra katika Ushairi wa Robert Burns

Mwaka 1786 Robert Burns alichapisha mjini Kilmarnock diwani yake ya kwanza, Poems, Chiefly in the Scottish Dialect, nakala 612, ikiwa na faharasa ya maneno ya Kiskoti. Tangu hapo wahakiki wamejadili dhima ya lahaja hiyo katika tungo zake. Edwin Muir, katika Scott and Scotland (1936), alishikilia kwamba Mskoti huhisi kwa Kiskoti lakini hufikiri kwa Kiingereza. Alitoa mfano wa “Tam o’ Shanter”, ambamo msimulizi huhamia Kiingereza sanifu anapotafakari jinsi raha isivyodumu.

Hoja hiyo inavutia, ila haistahimili ushahidi wa “To a Mouse”. Katika shairi hilo mkulima amebomoa kiota cha panya kwa plau. Ubeti wa pili, anamoomba radhi kwa ubabe wa binadamu dhidi ya viumbe wengine, umetungwa kwa Kiingereza cha kitabuni. Hata hivyo, kauli yenye uzito mkubwa zaidi wa kifalsafa, kwamba mipango ya panya na ya binadamu huharibika vilevile, imo katika Kiskoti. Kiingereza kinatoa fundisho lililozoeleka. Kiskoti kinalipima kwa tajiriba ya anayelima. Fikra, basi, haikuhama lugha.

Nyimbo zake zinathibitisha jambo hilo. George Thomson, mhariri aliyekusanya nyimbo za Kiskoti kuanzia miaka ya 1790, alimhimiza atumie Kiingereza zaidi. Mwaka 1794 Burns alimjibu kwamba hakukimudu Kiingereza kama lugha yake ya asili, na kwamba mawazo yake yenyewe hupungukiwa rutuba yakiwa katika Kiingereza. Hapa mshairi anazungumzia mawazo, si hisia tu.

Ikiwa maana imo katika kuhama kutoka lahaja hadi usanifu na kurudi, basi tafsiri inayotumia Kiswahili sanifu mwanzo hadi mwisho itahifadhi kisa na kupoteza hoja. Wala Kiamu hakiwezi kuchukua nafasi ya Kiskoti kwa wepesi, kwa kuwa hadhi yake ya kale katika tenzi ingempa mkulima wa Burns sauti ya mwanachuoni. Mfasiri hana budi kwanza kubaini kila lugha inafanya kazi gani katika kila ubeti.