Mabisho Mafupi ya Ukingoni: Mashua Ndogo Zinavyoupanda Mto Thames Majani Yakipukutika

Kupwa na kujaa kwa bahari kunakoma kwenye kizingiti cha Teddington, magharibi mwa London. Kutoka hapo kupanda hadi Molesey, kiasi cha kilomita 8, Mto Thames huenda upande mmoja tu, na vilabu kadhaa vya matanga vimejipanga kando yake: Tamesis pale Teddington, Minima pale Kingston, na Thames Sailing Club ya Surbiton iliyoanzishwa mwaka 1870. Oktoba na Novemba vilabu hivi bado vinashindanisha mashua za mita 4 hivi: Laser, Solo, Enterprise, Merlin Rocket. Mvua zimeanza, mkondo umepata nguvu, na upepo unafika majini umekatwakatwa na miti. Katika hali hiyo mashindano huamuliwa zaidi na mahali nahodha anapoiweka mashua kuliko kasi ya mashua yenyewe. Hesabu inaonyesha hivyo waziwazi.

Chukua mashua mbili zinazolingana kwa kila kitu, zinapanda mto, na upepo nao unatoka juu. Hewa ni nyepesi, kila moja inakwenda mita 1 kwa sekunde ndani ya maji. Hakuna tanga linaloweza kuukabili upepo uso kwa uso, hivyo zinakwenda mshazari, nyuzi 45 hivi, na katika kila mita 1 ni mita 0.7 tu inayozipeleka juu. Hiyo ni mita 42 kwa dakika. Sasa tuseme katikati ya mto maji yanateremka mita 30 kwa dakika, ilhali ukingoni, yanakosuguana na udongo na mizizi, yanateremka 12. Ya katikati inabakiwa na mita 12 kwa dakika, ya ukingoni mita 30. Boya likiwa mita 300 mbele, ya kwanza itatumia dakika 25, ya pili dakika 10.

Na bado sijautaja upepo. Mashua haiusikii upepo jinsi unavyovuma juu ya nchi kavu. Huusikia kwa kulinganisha na maji yanayoibeba. Upepo wa mita 2 kwa sekunde ukiteremka pamoja na mkondo wa nusu mita, anayebebwa katikati anapata mita 1.5 tu. Wa ukingoni, ambako mkondo ni mita 0.2, anapata 1.8. Nguvu ya upepo kwenye tanga hukua kwa mraba wa kasi yake, hivyo tofauti hiyo inayoonekana ndogo ni asilimia 44 ya nguvu zaidi. Kwa Laser yenye tanga moja la mita 7 za mraba, asilimia 44 si kitu cha kuachia.

Kinachowazuia wengi kukaa ukingoni ni miti. Mti wenye majani huuziba upepo, na kivuli chake hufika mbali majini kuliko urefu wake. Zamani watu wa Thames waliukabili mti kwa mlingoti: mashua za A Rater, zilizoanza kujengwa mwishoni mwa karne ya 19, zina milingoti ya mita 13 hivi juu ya mashua isiyotimiza mita 9, ili kilele cha tanga kiufuate upepo unaopita juu ya matawi. Mwenye Solo hana mlingoti huo, ila ana kalenda. Mwanzoni mwa Oktoba ukuta wa majani bado umesimama na mkondo kwa kawaida ni mpole. Kukaa mbali kidogo na kingo kunalipa. Kufikia mwisho wa Novemba matawi ni matupu, hewa inapenya, na mvua imeuongezea mto kasi. Gharama ya ukingoni imeshuka wakati gharama ya katikati imepanda. Nahodha anayeshikilia njia yake ya Septemba hadi mwisho wa msimu anapoteza mashindano bila kujua yalipoponyoka.

Majani yenyewe, yakishaanguka, ni msaada mkubwa. Yanapoelea huonyesha mpaka kati ya maji ya kasi na maji mazito, na kwenye kona ya mto huonyesha jinsi kasi inavyokimbilia upande wa nje na kuuacha upande wa ndani umetulia. Lakini hunasa pia kwenye usukani na kwenye ubao wa tumboni, ule unaoteremshwa ili mashua isisukumwe ubavu. Kuuinua ubao na kuushusha tena mara moja kabla ya kuanza kupanda ni kazi ya sekunde mbili, na inafaa ifanywe kila mzunguko.

Sasa bei yenyewe ya kukaa ukingoni. Maji mapole ya ukingoni huwa ni ukanda mwembamba. Tuseme upana wa mita 15. Mashua yetu inauvuka kwa sekunde 21, kisha lazima ipige bisho, yaani igeuze omo kupitia usoni mwa upepo na kupokea tanga upande wa pili. Katika sekunde hizo 21 ilikuwa imepanda mita 10.5. Mwenzake wa katikati, anayepiga bisho mara chache, amepanda mita 4.2. Kwa hiyo bisho moja likigharimu chini ya mita 6.3, yaani kama urefu wa mashua moja na nusu, ukingo unashinda. Likigharimu zaidi, ukingo ni hasara, hata kama maji yake yamelala kabisa machoni. Ukingo hauna thamani moja kwa watu wote. Thamani yake inapimwa kwa mikono na miguu ya yule anayeutumia.

Kwa sababu hiyo watu wa mtoni hulifanyia mazoezi bisho la kulaza mashua kuliko jambo jingine lolote. Nahodha huanza kwa kuiacha mashua iinamie kidogo demani, yaani upande unakoelekea upepo. Mwinamo wenyewe huizungusha, hivyo usukani hausogezwi sana, na usukani usiosogezwa hauvunji mwendo. Tanga linapoanza kupepea, mwili wote hurushwa upande wa joshi la zamani, ule upepo ulikotokea, na mashua hulala. Boriti ya tanga ikishavuka, anahamia upande mpya kwa hatua moja na kuisimamisha mashua kwa nguvu, nalo tanga hupunga hewa. Sheria ya 42 ya mashindano inaruhusu haya kwa sharti moja la haki: bisho likiisha, mashua isiwe na kasi kubwa kuliko ambayo ingekuwa nayo kama isingegeuka. Jahazi la Lamu haliwezi kuufuata mtindo huu, maana tanga lenye foromali hudai foromali ihamishwe upande wa pili wa mlingoti, na kazi hiyo haitaki haraka.

Ukingo pia una sheria yake. Anayepanda kwa kubana upepo na kukaribia ardhi, akiwa na mwenzake ubavuni anayemzuia kugeuka, anaweza kupaza sauti kuomba nafasi ya kupiga bisho. Kwa sheria ya 20, mwenzake lazima ageuke, au ajibu kwamba mwombaji ageuke naye atamkwepa. Nahodha mzuri hupanga mapema awe yeye wa ndani, karibu na ardhi, kwa sababu kila wito wake halali humsukuma mpinzani kuelekea maji ya kasi. Ila akishajibiwa lazima ageuke mara moja. Anayeita kisha akaendelea mbele amevunja sheria hiyohiyo aliyoiomba imsaidie.

Kushuka hakuna mengi: shika katikati, au upande wa nje wa kona, mto ukubebe. Hatari iko kwenye boya la chini, ambapo wengi hugeuka wakiwa wamechelewa na kubebwa mita 20 kupita boya. Anza kugeuka kabla ya boya, na utoke ukielekea ukingoni moja kwa moja. Ukiligusa, adhabu ni kuzunguka mara moja, na sekunde 20 za kuzunguka katika mkondo wa mita 30 kwa dakika hukurudisha nyuma mita 10.

Linaloniuma ni matokeo yanavyohesabiwa. Mashua za aina tofauti hulinganishwa kwa namba za Portsmouth: muda uliotumika huzidishwa kwa 1000, kisha hugawanywa kwa namba ya mashua. Laser ina namba karibu 1100. Topper, mashua ndogo wanayoanzia vijana wengi, karibu 1370. Laser ikipanda mita 42 kwa dakika, namba inaitarajia Topper ipande 34. Lakini mkondo haugawanyi, unatoa. Toa 12, zinabaki 30 na 22, na pengo la asilimia 25 lililoandikwa kwenye namba limepita 35. Toa 30 za katikati, zinabaki 12 na 4. Mtoto wa Topper amefanya kila kitu sawasawa na bado anamaliza mwisho, kwa sababu dakika anazopoteza akipanda ni nyingi mno kurudishwa na dakika chache za kushuka.

Wakala wa Mazingira wa Uingereza hutundika mabao ya njano kwenye malango ya mto mkondo unapobadilika, kuwaonya wenye vyombo visivyo na injini wasitoke, na mabao mekundu unapokuwa mkali kwa wote. Siku hizo hakuna mashindano na hakuna ubishi. Ninazozitetea ni siku zisizo na bao lolote lakini maji yakiwa na haraka. Msimamizi wa mashindano anaweza kuweka boya la juu upande wa ndani wa kona badala ya katikati, akafupisha sehemu ya kupanda, na kuwapa Topper mwanzo wao na orodha yao ya matokeo. Kamba ya nanga na karatasi ya pili vinatosha kwa kazi hiyo.