Zibibbo, busaa na maneno ya kuonjea

Kwa grupu yetu ya WhatsApp tuko wanne, na tumeapa kwamba tukiweka pesa vizuri mwaka huu tutaenda kuonja mvinyo kisiwani Pantelleria, kule Italia. Kazi ya kupanga safari nilipewa mimi, eti kwa sababu mimi ndiye "mtu wa vitabu". Basi kwa wiki tatu nimekuwa nikisoma miongozo ya wasafiri, makala za wanaojua kuonja, na vile vimaandishi vya nyuma ya chupa. Haya ni maoni ya msomaji. Ya mnywaji yatangoja, visa ya Schengen bado.

Pantelleria ni kisiwa kidogo, kama kilomita za mraba 83, kati ya Sicily na Tunisia, na kiko karibu zaidi na Tunisia. Unafika kwa ndege kutoka Palermo au Trapani, ama kwa feri ya Trapani. Ni mwamba wa volkeno na upepo haupumziki. Mzabibu ukisimama wima pale utavunjika, kwa hivyo mkulima huchimba kishimo, akaupanda ndani, ukakua chini chini kama kichaka. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza ukulima huo kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika. Na zabibu zenyewe zinaitwa zibibbo. Hebu litamke neno hilo kwa sauti. Limetoka kwa Kiarabu, zabib, pale pale tulipotoa "zabibu" yetu. Nyingine huanikwa juani mpaka zikanyauka, ndipo watengeneze mvinyo mtamu uitwao passito.

Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba hakuna mwongozo hata mmoja unaoanza na ulevi. Unaanza na upepo, jiwe jeusi, ukuta wa shamba, harufu ya tini na asali. Anayekunywa anaitwa mgeni. Anayetengeneza anaitwa fundi. Hata fasihi imeitwa ije kusaidia: kampuni moja yenye mashamba kisiwani inaitwa Donnafugata, jina la makao ya kiangazi ya mwanamfalme katika riwaya ya Giuseppe Tomasi di Lampedusa, Il Gattopardo, ya mwaka 1958. Wana mvinyo mwekundu unaoitwa Tancredi, jina la mpwa wa huyo mwanamfalme. Yaani mtu ananunua chupa na riwaya iko ndani. Mimi kama mpenda vitabu nilitabasamu, halafu nikaona wivu.

Miongozo hii ina makosa yake. Kila mzee ni mwenye hekima. Kila ukuta ni wa kale. Kazi ya kuinamia kimti kisichofika kiunoni, siku nzima, kwenye jua, inageuzwa kuwa picha nzuri. Mashua za wahamiaji kutoka Tunisia hufika kisiwa hicho hicho, lakini katika miongozo niliyosoma hakuna mwenye mashua, ni upepo tu unaotoka Afrika. Huo ni uandishi unaojua kufumba jicho. Lakini hata hivyo, umefanya kazi moja ambayo sisi hatujaifanya: umekaa na kinywaji mpaka ukakipatia maneno.

Mimi ni wa Migori. Dani, nyanya yangu mzaa baba, alikuwa mpika busaa. Karo ya baba yangu ilitoka kwenye ile pipa. Nikiwa mdogo nilijua hatua zote: unga wa mahindi unalowekwa uchachuke, unakaangwa kwenye bati pana juu ya moto, unageuzwa kwa sepetu mpaka uwe na rangi ya kahawia, halafu unatiwa maji na kimea cha wimbi, unaachwa siku chache, unachujwa. Wazee walikuwa wakikumbuka zamani, chungu kikiwa katikati na kila mmoja na oseke yake, ule mrija mrefu. Siku ya kukaanga, kijiji chote kilinuka ukoko wa ugali.

Unajua mahali pekee busaa ya Dani iliandikwa? Kwenye OB ya polisi. Tarehe, lita, jina la mshukiwa. Ndiyo uhakiki wa pekee iliowahi kupata.

Na lugha tunayotumia mtaani imefuata OB. Hebu hesabu maneno tuliyo nayo ya kulewa: chakari, chopi, tilalila, ndii, kukatika, kuzima. Pombe yenyewe ni keroro, tei, maji. Hali ya mtu baada ya glasi tunaiimba kwa ufundi. Kilichokuwa ndani ya glasi hatukisemi. Si kwamba maneno hayapo. Kiswahili kina "ukakasi", ule mkwaruzo unaobaki ulimini ukila ndizi mbichi. Wataalamu wa mvinyo wanauita tanini na wanauandikia kurasa. Kina uchachu, kina ukali, kina ukoko. Dholuo nacho kina kech na mit. Maneno haya tumeyaacha jikoni, kwa chakula. Tukifika kwa pombe tunayavua mlangoni kama viatu.

Waandishi wetu wakubwa je? Chukua Petals of Blood ya Ngũgĩ wa Thiong'o, ya mwaka 1977. Ndani yake kuna kinywaji bora kabisa cha kubuniwa katika fasihi ya Kenya, Theng'eta. Mwanzoni ni cha Nyakinyua, bibi kizee wa Ilmorog, anayejua mapishi ambayo wengine wameshasahau. Wanja na Abdulla wanakigeuza biashara. Mwishoni ni kiwanda cha mabwana watatu, Mzigo, Chui na Kimeria, na waliokianzisha wako nje ya geti. Kama hadithi ya jinsi mali ya watu inavyoibwa, sijasoma kali kuliko hiyo. Lakini nikiisoma kama mpanga safari ya kuonja, naona Theng'eta haikai mdomoni. Ikimezwa tu inakuwa mlango wa kumbukumbu na maono, kisha inakuwa ishara ya unyonyaji. Ngũgĩ alikuwa na sababu, nchi ilikuwa ikiungua. Ila sisi tuliomfuata tulirithi ishara, tukasahau ladha. Katika hadithi nyingi fupi tunazoandika leo, chang'aa ikiingia tu ujue mtu atapigwa, atapofuka au atakufa.

Hapa kuna atakayeniambia, wewe, acha kupamba pombe. Watu wanakufa. Ni kweli, na mimi si mgeni wa hilo. Novemba 2000, pombe yenye methanoli iliua zaidi ya watu 100 Nairobi. Na katika boma letu, baba mdogo aliisha na chang'aa polepole, miaka sita, mbele ya mama yake. Dani hakumuuzia, aliinunua kwingine. Lakini baada ya mazishi alitoboa pipa kwa panga na akaenda kanisani, na hajapika tena.

Kwa hivyo swali hili si la mchezo kwangu. Ndiyo maana nilishangaa kusoma kwamba mwaka 1986, huko huko Italia, mvinyo uliotiwa methanoli uliua zaidi ya watu 20. Italia haikuupiga marufuku mvinyo. Ilikaza sheria na ukaguzi, na waandishi wakaendelea kutofautisha chupa na chupa, shamba na shamba. Sisi tulikuwa tumeshapiga chang'aa marufuku kwa sheria ya mwaka 1980, na ilipofika 2010 tukairuhusu tena kwa masharti. Katika ile miaka 30 haikuisha, ilijificha. Na kitu kilichofichwa hakina mhakiki. Mnywaji asiye na maneno ya kutofautisha kizuri na kibaya atakunywa chochote, bora kiwe na nguvu. Sidai maneno matamu yangemwokoa baba mdogo. Ninachosema ni kwamba ukimya haukumwokoa.

Mwezi uliopita nilienda nyumbani na daftari. Nilimwambia Dani kuhusu Pantelleria, kuhusu watu wanaopanda ndege kwenda kunusa glasi na kutema. Alicheka mpaka akashika ubavu. Alipotulia nikamuuliza, alikuwa anajuaje kwamba busaa imeiva? Nilidhani atakataa kuongea. Alinyamaza kwanza.

"Nyakwara," akasema, "unaisikiliza." Akanieleza kwamba siku ya kwanza pipa linaongea kama watoto, siku ya pili kama wanawake sokoni, na likianza kunong'ona unachuja, kwa sababu likinyamaza kabisa umechelewa. Akasema mpishi mvivu unamjua kwa harufu ya unga uliokaangwa nje ukabaki mbichi ndani. Akasema wimbi la shamba lililo karibu na ziwa linatoa kimea kitamu zaidi. Niliandika kurasa nne. Hakuna hata sentensi moja iliyohusu kulewa.

Halafu akakwama. Dani alizaliwa Mfangano, kwa Wasuba, na mama yake alizungumza Olusuba, lugha ambayo Dholuo imeimeza karibu yote. Alisema mama yake alikuwa na neno la harufu ya kimea siku kinapoanza kuota, harufu yake hiyo peke yake. Alilitafuta akiwa amefumba macho, midomo ikijaribu. Halikuja. Akasema labda binamu yake aliyebaki kisiwani analijua, kama bado anakumbuka vitu.

Kwa hivyo nimerudi kwa grupu na ratiba mpya. Pantelleria haijafutwa, bado naitaka sana, na nitaisoma kila chupa mpaka nyuma. Lakini kabla yake tunaenda kisiwa kingine: matatu ya Migori hadi Rongo, Rongo hadi Homa Bay, Homa Bay hadi Mbita, halafu boti hadi Sena, Mfangano. Dani amekubali kuja ingawa anaogopa boti. Mmoja wetu ameuliza kule tutaonja nini hasa. Nimemwambia tunaenda kutafuta neno moja, na tuharakishe, kwa sababu binamu ya Dani ana miaka zaidi ya 80.