Maungamo ya Augustino na Mambo Madogo

Kitabu cha Maungamo cha Augustino husifiwa sana, lakini wengi wakisifu kwa sehemu moja tu: habari za bustani ya Milano mwaka 386, aliposikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani, akaufungua waraka wa Paulo kwa Warumi, na moyo wake ukageuka. Sehemu ile ni njema. Walakini nilipokisoma mara ya pili niliona kwamba nguvu ya kitabu imo zaidi katika mambo madogo yaliyotangulia na yaliyofuata.

Augustino alikuwa Mwafrika, aliyezaliwa Thagaste mwaka 354, mji uitwao leo Souk Ahras katika nchi ya Algeria. Kazi yake ilikuwa ualimu. Alifundisha kwao, kisha akafundisha ufasaha wa kunena Carthage na Roma, hata akapata cheo kikubwa Milano. Naye asema kwamba saa ile ya kuamua, vilivyomzuia havikuwa dhambi za kutisha. Vilikuwa vipuuzi, mazoea ya zamani, wala havikumkamata kwa nguvu. Vilimvuta nguo taratibu kwa nyuma, vikimnong'oneza kama kweli yuko tayari kuachana navyo milele. Nani kati yetu hajavutwa hivyo? Mtu aweza kukana uchawi mbele ya kanisa zima, kisha asiweze kuacha kusema neno la mwisho barazani.

Mimi niliye mwalimu napendezwa na jinsi alivyoiacha kazi yake. Hakuondoka siku ile ile kwa kishindo. Zilikuwa zimebaki siku kama 20 kufikia likizo ya mavuno ya zabibu. Akavumilia, akafundisha hata mwisho, ndipo akawaambia watu wa Milano wajitafutie mwalimu mwingine. Kifua nacho kilikuwa kikimsumbua. Aliogopa wasije wakasema kwamba ataka kujionyesha mkuu. Akubali kwamba huenda wengine wataona alikosa kukaa katika kiti kile hata saa moja zaidi, wala hagombani nao. Mimi sioni kosa. Aachaye jambo kwa makelele hupata sifa badala yake, na sifa ni mzigo mzito kuliko ule alioutua.

Hata alipokwisha kuwa askofu, miaka zaidi ya kumi baadaye, aungama kwamba mbwa akimfukuza sungura kondeni, au mjusi akikamata nzi nyumbani, mawazo yake hutekwa. Wako wanaoiona sehemu hii kuwa ya kitoto. Mimi naipenda kuliko ile ya bustani, kwa kuwa hapo hadai kwamba amekwisha kufika.

Lakini uko ukurasa uniumao, nao ni wa habari za kabla ya bustani. Kwa miaka mingi Augustino alikaa na mwanamke mmoja, akamzalia mwana, Adeodatus. Kisha akaposewa msichana wa Milano ambaye umri wake ulikuwa haujatimia, na yule mama akaondolewa kwa kuwa alikuwa kizuizi cha ndoa ile. Akarudi Afrika, akaweka nadhiri kwamba hatamjua mwanamume mwingine, akamwacha mtoto kwa baba yake. Augustino asema moyo wake ulitoka damu; hata hivyo, kwa kuwa hakuweza kumngojea mchumba, alitwaa mwanamke mwingine. Hafichi aibu yake, na kwa hilo namheshimu. Ila ampa rafiki yake Alypius kurasa nyingi, na mama yake Monika nyingi zaidi, na huyu mistari michache tu, bila jina.

Nimesikia wakihubiri kwamba mwanamke huyu alikuwa mmoja wa mambo madogo ambayo Augustino aliyaacha kwa ajili ya Mungu. Kitabu hakisemi hivyo. Alifukuzwa kwa ajili ya ndoa ya heshima na cheo, wakati mume alipokuwa bado hajaamua lolote juu ya ubatizo, uliokuja Pasaka ya mwaka 387. Katika nchi zetu pia wako wake walioambiwa waondoke ili mume abatizwe, nasi tukaita jambo hilo kukua katika imani. Walioondoka hatukuwauliza wamekula wapi.

Katika ukurasa ule aliyeweka nadhiri ni yule mama, na mwalimu mkuu wa ufasaha akashindwa kungoja miaka miwili. Ningalifurahi kama angalituandikia jina lake.