Utamu wa Jina la Binti katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Katika fani zote za lugha hakuna utungo mfupi kuliko jina la mtu, wala hakuna utamkwao mara nyingi zaidi. Shairi husomwa likawekwa. Hadithi husimuliwa ikaisha. Lakini jina huitwa asubuhi na jioni, uani, kisimani na darasani, na mwenyewe akisha kufa huitwa katika dua. Si ajabu, basi, kwamba mzazi apatapo mtoto wa kike hutaka jina tamu, tena lisilo la kila mtu. Siku hizi katika Kilwa Masoko, Kilwa Kivinje na Lindi, kama katika miji mingine ya nchi yetu, wako wazazi vijana walitafutao jina hilo katika filamu na nyimbo za mbali, au huunganisha silabi za jina la baba na za jina la mama wakapata neno jipya. Wazee husikia wakanung'unika. Kazi ya mhakiki si kunung'unika, bali ni kuuliza: utamu wa jina hutoka wapi?

Jibu la kwanza ni sauti. Kiswahili hupenda silabi iishie kwa irabu, na mkazo uangukie silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa kipimo hicho wahenga waliyafinyanga upya majina yaliyokuja pamoja na Uislamu. Zaynab ikawa Zainabu, Maryam ikawa Mariamu, Fatima ikawa Fatuma, na Aisha ikawa Asha au Esha. Ugeni wa jina, basi, haukuwa aibu. Kilwa, ambayo Ibn Battuta aliizuru mwaka 1331, na ambayo ilitajirika kwa biashara ya dhahabu ya Sofala, haikuogopa neno lililovuka bahari. Ilichotaka ni kwamba neno hilo likubali kukaa vizuri katika kinywa cha wenyeji. Mwalimu amsahihishaye mtoto hadharani kwamba Fatuma ni “makosa” ya Fatima hajui kwamba anaifuta kazi ya ufundi ya karne nyingi.

Jibu la pili ni maana. Majina mengi ya wanawake wa pwani ni maneno yanayoeleweka. Chausiku alizaliwa usiku, Mwajuma siku ya Ijumaa, Mwanaidi wakati wa Idi. Pili na Tatu hueleza nafasi ya mtoto katika uzao. Johari, Lulu na Tausi ni sifa. Riziki na Rehema ni shukrani. Sikudhani ni sentensi nzima, na aliyeisema ni mzazi ambaye jambo fulani lilimjia bila kulitazamia. Majina ya namna hii yanafanana na maandishi ya kanga: ni maneno machache, yamesemwa hadharani, na mwenye kuelewa ataelewa.

Hata hivyo sauti na maana hazitoshi, na historia ya Kilwa yenyewe yashuhudia. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kuu ya biashara ya watumwa katika pwani ya kusini. Mateka waliletwa kwa miguu kutoka pande za Ziwa Nyasa. Wengi waliofika pwani walipokonywa jina pamoja na kwao, wakaitwa upya. Mabruki na Feruzi yalikuwa miongoni mwa majina yaliyovaliwa sana na wanaume waliokuwa watumwa. La kwanza lataja baraka, la pili lataja jiwe la thamani. Kwa sauti ni matamu; kwa maana ni mazuri. Lakini bwana alimpa mtu jina hilo kama atiavyo alama katika mali yake. Hapo ndipo tunapolazimika kuuliza swali la tatu, ambalo ndilo kubwa: ni nani asemaye ndani ya jina, naye anamwambia nani?

Tulipime swali hilo kwa jina lisikikalo sana Kilwa na Lindi, yaani Somoe. Neno “somo” lina maana zaidi ya moja. Ni fundisho, ni wajina, yaani mtu mnayeshirikiana jina, tena ni mwanamke ampaye mwari mafunzo ya unyago. Kiishio “-e” ni kile tukisikiacho katika “mwanawe” na “mkewe”. Kwa umbo lake, basi, Somoe ni “wajina wake”. Jina hili halimalizikii kwa mtoto. Linamwelekeza kwa mtu mwingine aliyemtangulia. Mtoto akirithi jina la nyanya yake, mkwe asiyethubutu kulitamka jina la mavyaa wake hupata njia ya kumwita mwanawe bila kuvunja adabu. Katika silabi tatu tu zimo heshima, ukoo na mafunzo. Ndani ya jina hili jamaa nzima inasema, na inamwambia mtoto: hukuja peke yako.

Lakini tusiifanye mila kuwa malaika. Yako majina ya asili yaliyo mzigo. Mama amwitaye bintiye Tabu au Shida anasema ukweli wa maisha yake, ila atakayeubeba ukweli huo ni mtoto. Mfano mkubwa tunao Unguja. Mwaka 1880 alizaliwa Fumba msichana aliyeitwa Mtumwa. Ndani ya jina hilo aliyesema si baba wala mama peke yao. Ni zama za utumwa zilizosema. Msichana huyo alikua akawa mwimbaji, akaenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake. Ulimwengu ulimjua kwa jina la Siti binti Saad, na siti ni bibi mwenye heshima. Kubadili jina hapo hakukuwa kuukana utamaduni, kulikuwa kuukomboa.

Kwa hiyo hatuwezi kuwahukumu wazazi wa leo kwa sababu tu wamechagua jina jipya. Wala amri haifai. Zaire ilipowalazimisha raia wake mwaka 1972 kuacha majina ya Kikristo na kuchukua ya Kiafrika, serikali ndiyo iliyosema ndani ya jina, na familia ikanyamaza. Tunachowadai wazazi ni jambo dogo lakini gumu. Je, nyanya wa mtoto aweza kuliita jina hilo bila kujikwaa? Na mtoto akiuliza, “Nani alinipa, na kwa nini?”, atapata jibu la mtu au la filamu? Jina jipya lililo na jibu ni mali yetu. Jina lisilo na jibu, hata likiwa tamu kama asali, ni ganda la lulu ambalo lulu haimo.

Wahenga walisema, “Jina jema hung'aa gizani.” Lakini sharti kwanza lihifadhiwe. Masimulizi ya Kilwa Kisiwani yaeleza kwamba mgeni kutoka Shirazi alikipata kisiwa kwa nguo, akamwoa binti wa mkuu wa wenyeji. Mkuu huyo twamjua: ni Mrimba. Mgeni twamjua: ni Ali. Binti, aliyeziunganisha pande mbili, katika simulizi lijulikanalo na wengi hutajwa tu kama binti wa Mrimba. Wanafunzi wa Kilwa na Lindi wanayo kazi hapa. Waende kwa nyanya zao wakaandike majina ya wanawake wa koo zao, jinsi yanavyotamkwa nyumbani, pamoja na sababu zake. Humo mzazi atafutaye jina adimu la bintiye ataweza kulipata.